Alitibiwa Mara Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kupata Jibu Sahihi katika Tafiti za Kaya Unguja na Pemba

Utafiti wa kaya ukionesha kuwa watu wa shehia fulani ya Micheweni hawaendi kituo cha afya, anayepanga bajeti ataelewa jambo moja tu: hawana haja nacho. Dawa zitapelekwa kwengine na muuguzi atahamishwa. Na huenda watu hao walikwenda, tena mara nyingi, ila waliulizwa kwa namna iliyowafanya wasahau, wachanganye miezi au wanyamaze. Swali likibadilika, idadi nayo hubadilika, ilhali wagonjwa ni walewale.

Nimeuandika mwongozo huu kwa wanaofanya tafiti za kaya hapa Zanzibar: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) anayeandaa tasnifu, afisa takwimu wa wilaya, jumuiya inayotaka kujua kama mradi wake umewafikia kina mama, na msimamizi wa wadadisi ambaye kesho asubuhi anaingia shehiani. Sitagusa namna ya kuchagua sampuli. Nitakaa kwenye jambo ambalo wengi huliruka: mtu akikwambia alitibiwa mara mbili, utajuaje kama ni mara mbili kweli?

Makosa huingilia wapi

Kosa kubwa kuliko yote ni kusahau. Kadiri siku zinavyopita, na kadiri tukio lilivyokuwa dogo, ndivyo linavyopotea. Marekani walilipima jambo hili tangu miaka ya 1960 kwa kulinganisha majibu ya watu na kumbukumbu za hospitali. Waliolazwa muda mrefu uliopita, na waliolazwa siku chache tu, ndio waliosahau zaidi kutaja. Kama kulazwa kunasahaulika, kufuata vidonge kituoni kutasahaulika mara ngapi?

Kosa la pili ni kusogeza tarehe. Mtu anakumbuka vizuri kuwa alishonwa mguu, ila anauleta karibu mwezi uliokuwa mbali, na tukio la miezi 15 iliyopita linaingia ndani ya "miezi 12 iliyopita". Neter na Waksberg waliliandika kosa hili mwaka 1964 walipochunguza matumizi ya fedha ya kaya. Kusahau hupunguza idadi na kusogeza tarehe huiongeza. Mara nyengine makosa haya mawili yanafutana, jumla ikaonekana nzuri wakati majibu ya mtu mmoja mmoja ni mabovu.

Halafu kuna kuficha na kupamba. Watu huficha huduma zenye aibu au khofu, kama vile VVU, maradhi ya akili, maradhi ya zinaa, uzazi wa mpango ambao mume haujui, na mara nyengine mganga. Hupamba zile zinazosifiwa: mtoto amemaliza chanjo zote, kliniki ya ujauzito ilianza mapema. Mwisho kuna kusemewa, pale mtu mmoja anapojibu kwa niaba ya watu wanane wa nyumba.

Hatua ya 1: Andika unahesabu nini

Kabla ya dodoso, kaeni kama timu muandike kwa sentensi moja maana ya hudhurio. Jaribuni sentensi hiyo kwa mifano migumu: aliyerudi kuchukua majibu ya vipimo, aliyekwenda kubadilishwa bandeji, kijana aliyefuata dawa za presha za mama yake, mama aliyempeleka mtoto kupimwa uzito, mtu aliyenunua dawa dukani bila kuonana na daktari, mhudumu wa afya wa kujitolea aliyemfuata mjamzito nyumbani, aliyekunywa kombe, yaani maji ya maandiko ya Kurani.

Mimi hupendelea kanuni hii: mtu mmoja, kituo kimoja, siku moja, ni hudhurio moja. Akitoka kwa daktari akaenda maabara ya palepale, bado ni moja. Akipewa rufaa kutoka Micheweni akapokelewa hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani siku hiyohiyo, ni mawili. Kanuni hii inafanana na jinsi rejista zinavyojazwa, na baadaye utashukuru kuwa vinafanana. Duka la dawa, mganga na ziara ya nyumbani viulizwe, lakini kila kimoja kwa swali lake. Usivitie kapu moja.

"Ulikwenda spitali?" ni swali baya hapa kwetu. Kila mtu huenda spitali: kumtazama mgonjwa, kupeleka chakula, kulala na mzee wake wodini. Tena kituo cha afya cha kijijini nacho wengi hukiita spitali. Tumia swali linaloziba nafasi hizo:

"Tangu Jumatatu ya tarehe … mpaka jana, je, wewe mwenyewe ulihudumiwa na daktari, muuguzi, mkunga au mhudumu mwengine wa afya kwa ajili ya mwili wako? Iwe ni kwa maradhi, uchunguzi, ujauzito, chanjo au kufuata dawa. Usihesabu siku ulizokwenda kumtazama au kumsindikiza mtu mwengine."

Ni refu, ndiyo. Lisomwe polepole. Urefu huu unampa mhojiwa muda wa kukumbuka.

Hatua ya 2: Chagua kipindi cha kukumbuka

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kati ya 2000 na 2002 watafiti waliwafuatilia watu 1,621 mjini Delhi, India, kwa maswali ya wiki na maswali ya mwezi. Walipouliza kwa wiki, masikini walionekana kwenda kwa daktari zaidi kuliko matajiri. Walipouliza kwa mwezi, picha ikageuka, matajiri wakaonekana kwenda zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwa masikini ugonjwa umeshakuwa sehemu ya maisha ya kila siku, hauna cha ajabu cha kuufanya ukumbukwe. Nchini Kenya nako, kwenye tafiti za Kibera na Asembo zilizotoka mwaka 2010, kadiri siku ya kuulizwa ilivyokuwa mbali ndani ya wiki mbili, ndivyo dalili za maradhi zilivyopungua kutajwa.

Fikiria hilo kwa Kojani au Tumbatu. Bibi anaulizwa kama aliumwa mwezi uliopita, naye anajibu: "Mie sijaumwa mwanangu, presha tu." Alikwenda kituoni, alipimwa, alipewa vidonge. Kwenye takwimu yako hayumo. Anayepotea wa kwanza ni yule ambaye utafiti ulifanywa kwa ajili yake, na ndiyo maana kipindi kirefu si suala la usahihi peke yake, ni suala la haki.

Kwa hiyo: kwa wagonjwa wa nje tumia wiki mbili, zisizidi nne. Kwa kulazwa na upasuaji, miezi 12 inakubalika, kwa sababu ni matukio makubwa na ni machache, na kipindi kifupi hakitakupa watu wa kutosha. Kwa kujifungua unaweza kurudi nyuma miaka miwili au mitatu. Hakuna mama anayesahau alijifungulia wapi, ingawa idadi ya mahudhurio ya kliniki kabla ya kujifungua ataikisia.

Kipindi kifupi kina gharama yake. Wengi watajibu hapana, na utahitaji kaya nyingi zaidi. Pia usichukue idadi ya wiki mbili ukaizidisha kwa 26 ukaiita ya mwaka, kama kazi yote ilifanywa msimu mmoja. Masika ya Machi hadi Mei hayafanani na kipupwe, wala Ramadhani haifanani na mwezi mwengine kwa mahudhurio ya vituo. Gawa kaya zako katika misimu, hata kama ni duru mbili tu.

Kwa kosa la kusogeza tarehe kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kutembelea kaya mara mbili: ziara ya mwanzo inaweka alama, na ya pili inauliza "tangu nilipokuja mara ile". Ni ghali lakini ndiyo bora. Ya pili ni nafuu. Uliza kwanza kipindi kirefu, "tangu Idi", halafu kifupi, "na katika wiki mbili hizi?" Mhojiwa akishapata pa kuliweka tukio la zamani, hatalivuta mbele.

Hatua ya 3: Amua nani anajibu

Mtu mzima ajibu mwenyewe, na mtoto asemewe na aliyempeleka kituoni, ambaye si lazima awe mama. Mara nyingi ni nyanya au shangazi. Mkuu wa kaya ajibu masuala ya nyumba na mali. Kumuuliza yeye kliniki za mkewe ni kupoteza wino.

Vijana wanaokaa dago, wanaovua au wanaochuma karafuu mbali na nyumbani ndio husemewa zaidi, na wanaowasemea hawajui walichotibiwa. Panga kurudi jioni au siku ya Ijumaa baada ya sala. Ikishindikana, sema kwenye dodoso kuwa jibu ni la kusemewa, kisha uchambue peke yake. Usilichanganye kimya kimya.

Hatua ya 4: Mpe mhojiwa vishikio vya kumbukumbu

Tengeneza kalenda ya matukio ya eneo lako, ukurasa mmoja. Weka Mapinduzi, tarehe 12 Januari, Maulidi, kuingia kwa Ramadhani na Idi zote mbili, kufunga na kufungua skuli, kuanza kwa uchumaji wa karafuu kwa Pemba, Mwaka Kogwa kwa Makunduchi, mwezi wa Julai. Kisha kaa na sheha na wazee wawili watatu muongeze ya hapo: harusi kubwa, maziko, siku upepo ulipong'oa mapaa. Kalenda haiwezi kurithiwa kutoka utafiti wa mwaka uliopita, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 kila mwaka wa kizungu.

Kisha omba makaratasi. Sema "naomba nizione kadi za kliniki, vyeti vya dawa na vidaftari", usiulize "unavyo?", kwa sababu jibu la haraka la swali hilo ni hapana. Mpe mhojiwa muda wa kwenda kufungua kabati. Andika katika dodoso kama tarehe imetoka kwenye kadi au kichwani. Tafiti kubwa za afya ya uzazi na mtoto hufanya hivyo kwa chanjo, na hakuna sababu ya kutofanya hivyo kwa presha na sukari.

Kwa wanaohudhuria mara kwa mara, usiulize jumla. Mgonjwa wa sukari akiulizwa "mara ngapi mwaka huu?" atasema 12, kwa kuwa kliniki ni kila mwezi, hata kama alikosa minne. Wenye mahudhurio mengi hupunguza au hukisia kwa namba nyepesi kama 10 au 12. Vunja swali: kliniki ya kawaida mara ngapi, ulikosa lini, mbali na kliniki uliumwa jengine?

Hatua ya 5: Panga maswali kwa mpangilio usiofundisha watu kusema hapana

Mhojiwa akigundua kuwa kila "ndiyo" inazaa maswali kumi, "ndiyo" zitakwisha kufikia mtu wa tatu wa kaya. Uliza kwanza maswali ya kuchuja kwa wanakaya wote, ukimaliza ndipo urudi kwenye undani wa kila aliyesema ndiyo. Kwenye CSPro au KoboToolbox, programu za kukusanyia majibu, hili linapangika kwa urahisi.

Usianze pia na "uliumwa?" ukawaruka waliosema hapana. Mjamzito haumwi. Aliyekwenda kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango haumwi. Wote hawa wametumia huduma, na mlango wa "uliumwa?" unawafungia nje.

Maswali ya siri yaende mwisho, faraghani, mwanamke aulizwe na mwanamke. Kama mume au mkwe amekaa barazani karibu, mdadisi ahamie ua wa nyuma au apange siku nyengine. Kwa mganga na tiba za kitabu, tangulia na sentensi inayoondoa lawama: "Watu wengi hutafuta tiba sehemu zaidi ya moja. Mbali na kituo cha afya, ulitafuta tiba wapi kwengine?" Ukiuliza kwa sauti ya kushitaki utapata jibu la kujitetea.

Hatua ya 6: Wafunze wadadisi, kisha jaribu

Vibali vya utafiti na vya kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI) vitangulie, na sheha apewe taarifa mapema. Sheha akiongozana na mdadisi hadi mlangoni ni heshima. Akikaa kusikiliza mahojiano ni hasara.

Siku ya majaribio, chukua watu wachache ambao umeshapata ridhaa yao na unajua kwa kadi zao walitibiwa lini. Wahojiwe, halafu waulize: uliposikia "ulihudumiwa", ulifikiria nini? Ulihesabuje? Majibu yao yatakurekebishia dodoso kuliko kikao chochote cha ofisini. Fanya jaribio hilo Unguja na Pemba, mjini na shamba.

Hatua ya 7: Linganisha na rejista

Huwezi kujua ukubwa wa kosa bila kulinganisha, angalau kwa sehemu ndogo ya sampuli. Kuna njia mbili, na kila moja inaona upande mmoja.

Njia ya kwanza huanzia kituoni. Unachagua kwa bahati nasibu watu kutoka rejista ya wagonjwa wa nje, unawafuata nyumbani, unawahoji kama wengine. Hii inakuonesha waliosahau au kuficha. Njia ya pili huanzia nyumbani. Waliosema walitibiwa, unawatafuta kwenye rejista za vituo walivyovitaja. Hii inakuonesha waliozidisha au kusogeza tarehe. Fanya zote mbili. Na mdadisi asijue nani katoka kwenye rejista; akijua, atamsukuma akumbuke, na kipimo chako kitakuwa kimekufa.

Ridhaa ni sharti. Mtu anayehojiwa akubali kwa maandishi kuwa kumbukumbu zake zitazamwe. Kwa njia inayoanzia kituoni, kamati ya maadili ikubali kwanza namna majina yatakavyotolewa. Mtu aliyekwenda kupima VVU asifuatwe nyumbani kwa rejista hiyo, hata kama takwimu yake unaihitaji sana.

Kutafuta jina ni kazi ya subira. Khamis huandikwa Hamis, Mwanaisha huandikwa Mwana Isha, na majina matatu ya mtu, baba na babu hurudiwa na watu wengi katika shehia moja. Umri kwenye rejista mara nyingi ni wa kukisia. Linganisha vitu vinne kwa pamoja: majina matatu, jinsia, umri kwa tofauti ya miaka michache, na shehia. Kitambulisho cha Mzanzibari kikiwa kimeandikwa pande zote, ni msaada mkubwa. Kwa wanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, namba ya uanachama nayo inaweza kusaidia, kwa kibali.

Usiichukulie rejista kuwa ndiyo kweli yote. Siku ya msongamano wapo wasioandikwa, na mtoto mmoja huweza kuandikwa kwa jina la nduguye. Kuna wanaotibiwa kliniki binafsi, na kwa Pemba wapo wanaovuka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, Tanga au Dar es Salaam. Asiyeonekana rejistani muweke katika kundi la "haikuthibitika", usimwite muongo.

Jumla za mwezi zilizomo kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya, hazina majina, kwa hiyo hazithibitishi mtu mmoja mmoja. Zinafaa kwa kuangalia kama makadirio yako ya wilaya yako karibu au yamepotea mbali.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya kosa

Huu ni mfano wa kubuni. Tuseme watu 200 wamelinganishwa. Rejista zinaonesha 120 walitibiwa katika kipindi hicho na 80 hawakutibiwa. Kati ya wale 120, 96 walisema ndiyo. Kati ya wale 80, wanane walisema ndiyo.

Kiwango cha kunasa, yaani waliotibiwa ambao walisema ndiyo: 96 kati ya 120, asilimia 80. Kiwango cha kukana kwa usahihi, yaani wasiotibiwa ambao walisema hapana: 72 kati ya 80, asilimia 90. Waliokubaliana na rejista ni 168, asilimia 84. Kwa kuwa makubaliano mengine hutokea kwa bahati tu, piga pia kappa, kipimo alichokitoa Cohen mwaka 1960. Hapa makubaliano ya bahati ni 0.504, na kappa ni (0.84 − 0.504) ÷ (1 − 0.504), yaani 0.68 hivi.

Sasa angalia: waliosema ndiyo ni 104, asilimia 52, wakati kwa rejista ni asilimia 60. Unaweza kurekebisha kwa kanuni ya Rogan na Gladen ya mwaka 1978: chukua asilimia iliyotajwa kwa desimali, jumlisha kiwango cha kukana, toa moja; kisha gawa kwa jumla ya viwango viwili ukitoa moja. (0.52 + 0.90 − 1) ÷ (0.80 + 0.90 − 1) = 0.42 ÷ 0.70 = 0.60.

Usitumie rekebisho moja kwa kisiwa kizima bila kutenganisha makundi. Kiwango cha kunasa kwa kijana wa Mjini Magharibi mwenye kadi za bima hakiwezi kuchukuliwa kuwa ni cha bibi wa shamba. Kigawe kwa jinsia, umri, hali ya maisha, aliyejisemea na aliyesemewa. Kwa idadi ya mahudhurio, tofauti na ndiyo au hapana, chora mchoro wa Bland na Altman: tofauti kati ya alichosema na rejista upande mmoja, wastani wa hizo mbili upande wa pili. Wanaohudhuria sana wakianza kushuka chini ya sifuri, utaona kwa macho jinsi wanavyojipunguza.

Hatua ya 9: Andika ripoti inayosomeka kwa haki

Chini ya kila jedwali weka kipindi cha kukumbuka, maneno kamili ya swali, asilimia ya majibu ya kusemewa, asilimia ya majibu yaliyotoka kwenye kadi, na miezi ya kazi shehiani. Toa idadi iliyotajwa na iliyorekebishwa, zote mbili. Usilinganishe utafiti wa wiki nne na wa wiki mbili ukatangaza kuwa huduma zimepanda au zimeshuka.

Na kama katika duru ijayo unalazimika kubadilisha swali, gawa kaya nusu kwa nusu kwa bahati nasibu: nusu ziulizwe swali la zamani, nusu swali jipya. Tofauti ya nusu hizo mbili itakuonesha mabadiliko kiasi gani yametokana na swali, na kiasi gani yametokea kweli vituoni.